Mpangaji Hana Kitanda

Nianze na Kocha, maana akisikia kuna hadithi mahali na yeye hayumo, chakula hakishuki.

Kocha ni kocha wa waandishi. Si wa mpira, msije mkamheshimu bure. Ameandika kitabu kimoja, chembamba kama biskuti, jalada zima la mbele ni sura yake, kidevu amekishika kama mtu anayeumwa jino. Nimekisoma. Kurasa za mwanzo anashukuru watu, za mwisho anatoa namba zake za simu, za katikati anatushauri tujiamini. Kwa biskuti hiyo moja akapata ujasiri wa kufundisha dunia nzima kuandika, na dunia yenyewe ni kundi letu la hadithi kwenye simu, ambalo nusu ya watu wake hawajawahi kuandika hata "nimefika salama" bila kukosea.

Mimi sijasomea uandishi. Nimejifunza kwa kidole gumba. Nauza magodoro kwenye duka la shangazi yangu, na kuuza magodoro ni kazi ya kukaa, kwa sababu godoro si mkate, mtu halinunui asubuhi akarudi jioni kutaka lingine. Shangazi ananiita Kidole. Anasema nikifa nitazikwa na simu, maana hakuna atakayeweza kuibandua mkononi.

Duka lenyewe ni refu na jembamba. Magodoro membamba yamesimamishwa ukutani kama vitabu, manene yamelazwa rundo mpaka karibu na feni, yote ndani ya nailoni inayolia ukiigusa. Katikati kuna moja tu lililovuliwa nailoni na kutandikwa shuka jeupe. Hilo ni la kujaribia. Watu wanalipiga ngumi, wanaliminya kama wanakanda unga, halafu wanasema watarudi. Nyuma ya rundo la inchi nane nimejitengenezea pango langu, na ndani ya pango hilo ndipo alipozaliwa Mpangaji.

Hadithi yangu iliitwa "Mpangaji wa Chumba cha Nyuma." Kuna nyumba, kuna mwenye nyumba, kuna binti yake anayeosha vyombo uani. Siku moja anakuja mtu amebeba godoro lililokunjwa, birika na ndoo, anapanga kile chumba cha nyuma ambacho hakuna anayekitaka, na hasemi katoka wapi. Binti anaanza kuhesabu nyayo zake. Basi. Ndiyo hadithi nzima, na watu waliipenda, jamani, waliipenda mpaka wakawa wananitukana nikichelewa. Mmoja aliniandikia kwamba ameunguza maharage kwa ajili ya Mpangaji. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Halafu akatokea mtu akauliza swali.

"Samahani mwandishi, hivi huyu Mpangaji ni mwanaume au mwanamke?"

Nilitaka kumjibu. Nikaandika "Ni". Nikaitazama hiyo "Ni" mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe.

Sikujua. Nawaapia, sikuwa najua. Kiswahili kilinidekeza. Alikuja, alifungua mlango, alichota maji, alinyamaza. A-, a-, a-, sehemu baada ya sehemu, na hakuna mahali hata pamoja lugha iliponishika shati ikaniambia, wewe, amua. Nikapita kama mtu aliyepanda basi bila tiketi, na sasa kondakta kaamka.

Kundi likagawanyika hapohapo. Kambi ya kwanza ikasema ni mwanaume, atamwoa binti, na wakaanza kujadili rangi ya sare za harusi. Kambi ya pili ikasema ni mwanamke, tena ni mama mzazi wa binti, alifukuzwa zamani, amerudi kumtazama mwanawe kwa siri. Wakatukanana vizuri tu. Mimi nikafungua simu kuandika sehemu inayofuata, na hakuna kilichotoka.

Sijui niielezeje hali hiyo. Unaandika "Mpangaji." Kile kistari kinapepesa mbele ya neno kama mtu anayekukonyeza kwa dharau. Chini, simu inakupendekezea maneno: "akafunga," "mlango," "taratibu." Hata simu ilikuwa imeshanichoka, inajua ninachotaka kusema kabla sijasema. Nafuta. Naandika tena "Mpangaji." Nafuta. Siku zinakwenda, na mimi nina neno moja, tena nimelikopi kutoka kwenye kichwa cha hadithi.

Hapo ndipo Kocha alipoingia kazini. Fisi haambiwi kuna mzoga.

Alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu kiasi kwamba niliuanza nikiwa napakua magodoro kwenye gari na nikaumaliza gari limeshaondoka. Akaniambia kukwama kuna tiba. Ninywe maji mengi. Niamke kabla ya jogoo. Nitafute jani, nilitazame mpaka linisemeshe.

Nikafanya. Ndiyo, mimi, na akili zangu. Nilikunywa maji, nikaishia kukojoa tu. Nikaamka kabla ya jogoo, nikagundua jogoo ana haki ya kulala. Nikaenda kutazama jani kwenye ua wa jirani, nikalitazama kwa moyo wote, mpaka mwenye ua akatoka na ufagio kuniuliza nimepoteza nini.

Nikamjibu Kocha kwamba jani halikusema kitu.

"Basi zungumza na kalamu yako," akasema.

"Sina kalamu. Naandika kwenye simu."

"Zungumza na simu."

"Nazungumza nayo kutwa. Inanijibu kifurushi kimeisha."

Akanitumia kikatuni cha kucheka mpaka machozi, akaenda kwenye kundi kutangaza kwamba nipo chini ya uangalizi wake. Kama mgonjwa.

Msimamizi wa kundi ni mama mmoja aliyestaafu ukunga, tunamwita Mama Admini, na anatuongoza kama wodi. Ukileta umbea unatolewa nje, ukichelewa kuleta hadithi unaambiwa sukuma. Akaandika kwa herufi kubwa, na yeye hana nyingine: "WASOMAJI WANA HAKI YAO. KIDOLE ASIPOLETA SEHEMU KUFIKIA IJUMAA, KOCHA AMEJITOLEA KUTUMALIZIA HADITHI."

Amejitolea. Hebu lisikieni hilo neno. Mwizi naye anajitolea kukupunguzia mizigo.

Sasa muelewe, si kwamba nilikuwa natafuta ufalme. Lakini nikihesabu vitu vyangu hapa duniani, duka ni la Shangazi, chumba ninacholala ni cha baba na mama, hata simu yenyewe ilikuwa ya binamu yangu, akaniachia baada ya kuikalia. Mpangaji peke yake ndiye niliyekuwa naye. Na alikuwa anachukuliwa na mtu anayeshika kidevu.

Jumatano akaja mwenyewe dukani, amevaa suti ya rangi ya chai ya maziwa.

"Shikamoo mama," akamwambia Shangazi.

"Marahaba. Futi ngapi?"

"Hapana mama, nimekuja kwa huyu mdogo wangu. Ni mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi wa nini?"

"Wa uandishi."

Shangazi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akarudi kwenye kitambaa chake cha vumbi. "Kumbe na hilo lina mwalimu."

Kocha akakaa kwenye godoro la kujaribia. Akadunda mara mbili. Halafu akajinyoosha, akalala chali, mikono chini ya kisogo, viatu juu ya shuka jeupe la Shangazi, lile shuka analolifua mwenyewe kwa sababu anasema mimi nalibembeleza tu.

"Baba," Shangazi akasema, "viatu."

"Usijali mama, havina tope."

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya tope.

"Mdogo wangu," akaniambia huku anaitazama feni, "unajua tatizo lako ni nini?"

"Sijui."

"Hadithi yako inaitwaje?"

"Mpangaji wa Chumba cha Nyuma."

"Enhe. Na wewe ulipanga?" Akanyanyua kidole kimoja. "Unaona sasa. Una mpangaji lakini hukupanga. Mwandishi wa kweli ndiye mpangaji." Akashika kidevu kama kwenye jalada lake, kunipa nafasi ya kushangaa. Kitu hicho alikuwa amekitayarisha njia nzima, nawaapia, na ningemwomba akirudie angekirudia.

"Kwa hiyo utamfanyaje?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mpangaji."

"Ah, huyo nimeshamaliza naye. Mwanaume. Wasomaji wanataka kidume. Mrefu, msafi, sauti nzito. Mwisho tunagundua ni tajiri aliyejificha."

"Kaficha nini?" Shangazi akauliza, hajageuka.

"Utajiri wake, mama. Anatafuta mapenzi ya kweli."

"Kwenye chumba cha uani?"

"Ndiyo mama."

"Tajiri mwenye akili hizo hadumu."

Kocha akacheka kama mtu aliyepigwa na mtoto, kwa upole wa kulazimisha. Mimi simu nilikuwa nayo mkononi kama kawaida, nikampiga picha, si sura, nyayo. Kiatu cha kushoto kilikuwa na chingamu iliyokanyagwa, na kwenye chingamu kumeganda kipande cha karatasi. Sikujua naipigia nini picha hiyo. Mkono ulienda wenyewe.

Alipoinuka, shuka likabaki na alama mbili za kijivu. Akanishika bega. "Usione aibu, mdogo wangu. Wengine Mungu kawapa mwanzo, wengine kawapa mwisho."

Akatoka. Shangazi akalivuta shuka kwa ncha za vidole, akalitupia kwenye beseni.

"Huyo ndiye mwalimu?"

"Ndiye."

"Hata kununua mto hajanunua."

Ijumaa ikafika, nikawa na neno lilelile moja. Ikapita. Jumamosi asubuhi, tumeshafungua duka, simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Kocha karusha sehemu yake.

"Kimekukuta nini tena?" Shangazi akauliza, maana nilikuwa nimetoa mguno.

"Kocha kamwandika Mpangaji."

"Soma nisikie. Si sehemu zako zote ulikuwa unazisoma kwa sauti huko pangoni kama mtu anayesali, nikazisikia? Na hili lisome."

Nikasoma. Nawawekea kama lilivyo, ili nisije nikasingiziwa wivu.

"Mpangaji, kijana mtanashati mwenye kifua kipana kama mlango wa benki, aliingia chumbani akiwa amechoka na ulimwengu na walimwengu wake. Machozi ya kiume yalimdondoka. Alivua saa yake ya dhahabu aliyokuwa ameificha soksini. Alijitupa kitandani kwa kishindo, kitanda kikalia kwaa, naye akalia nacho."

Na chini yake maua. Mioyo. Mikono ya kupiga makofi. Wale wale walioniunguzia maharage, sasa wanamwunguzia mwingine. Kambi ya harusi ilikuwa inashangilia kama imepata goli la ugenini. Saa ndani ya soksi. Mtu wangu, niliyemnyamazisha kwa adabu sehemu zote zile, anatembea na saa ndani ya soksi.

"Kitanda?" Shangazi akasema.

"Nini?"

"Kasema kitanda kikalia. Kitanda kakitoa wapi?"

"Shangazi, hilo ndilo umelisikia? Mtu ana saa ndani ya soksi."

"Saa ni yake, aivae anapotaka. Mimi nauliza kitanda. Wewe ulisema alikuja na godoro, na birika, na ndoo. Kitanda kauziwa na nani, na huyu msaliti wa ng'ambo?"

Msaliti wa ng'ambo ni fundi seremala mwenye karakana upande wa pili wa barabara. Zamani yeye alikuwa anauza vitanda, sisi magodoro, tunatumiana wateja. Halafu akaanza kuuza vitanda vyenye magodoro juu yake kabisa, na tangu siku hiyo kitanda chochote, hata cha hospitali, Shangazi anakichukulia kama tusi.

Nikataka kucheka. Badala yake nikafungua hadithi yangu kwenye simu, nikaenda kwenye kile kisanduku cha kutafutia, nikaandika "kitanda."

Hakuna kilichopatikana.

Nikaandika "kitandani." Hakuna. "Vitanda." Hakuna. Hadithi nzima, sehemu zote, watu wamelala, wameamka, wameugua, binti kalia amejifunika shuka gubigubi, na hakuna kitanda hata kimoja ndani ya ile nyumba. Sikukusudia. Nimekulia dukani, kwa akili yangu mtu analala juu ya kile tunachouza sisi, na sisi hatuuzi kitanda. Seremala angewajazia nyumba meza. Mimi nimewalaza wote chini, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeona, wala Kocha, ambaye amejitolea kumaliza hadithi aliyoisoma kwa kuparamia.

"Hana kitanda," nikasema.

"Ndicho ninachokwambia."

"Shangazi, Mpangaji hana kitanda. Kwa nini hana kitanda?"

"Mimi nitajuaje, mpangaji si wako?"

Na hapo, sijui niseme nini, hapo nikamkumbuka mteja mmoja.

Alikuja kipindi cha mvua. Alichukua godoro jembamba, futi mbili na nusu, lile la kukunja. Hakulipiga ngumi. Hakulala kujaribu. Hakuuliza sponji gumu au laini. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nikilifungua, linakunjika tena?" Nikamwambia linakunjika, lakini kwa nini ulikunje na ndiyo kwanza unakwenda kulilalia? Hakujibu. Nilipochukua kisu nikate kamba nimwonyeshe kitambaa cha ndani, akanishika mkono. Akaniomba nimfundishe lile fundo. Tukalifunga na kulifungua pale mpaka akaliweza, akaondoka nalo begani. Nikamwona mshamba. Nikamsimulia binamu yangu, tukamcheka.

Mtu ambaye hajalilalia godoro lake bado, anataka kujua kama litakunjika tena. Huyo hajaja kukaa. Huyo kafika na tayari miguu yake inaangalia mlango. Anayenunua kitanda ameamua. Kitanda hukibebi begani ukatoka nacho asubuhi watu wakiwa wanapiga mswaki. Mpangaji wangu hakuwa na kitanda kwa sababu Mpangaji alikuwa anaondoka tangu sehemu ya kwanza, na mimi mwenyewe ndiye sikujua, na binti naye hakujua, anahesabu nyayo tu.

Nikaingia pangoni.

Wakati huo hasira ilikuwa imenipanda mpaka kwenye kucha, na nataka mnielewe, sikuandika kwa ajili ya maji wala jani. Niliandika kwa ajili ya ile "kwaa." Kila nikipungua kasi, nakumbuka kitanda kikalia naye akalia nacho, vidole vinachemka tena. Simu ikapendekeza "taratibu," nikaipuuza. Ikapendekeza "machozi," nikaiambia kamwambie Kocha.

"Kidole, mteja," Shangazi akaita.

Sikuitika.

"Kidole, mteja anataka la springi, nani atalishusha?"

Nikasikia anavuta mwenyewe, nailoni inalia, ananisema mimi, na baba yangu, na aliyegundua simu. Mteja akamwuliza kama mtoto anaumwa. "Ndiyo," akasema, "ana kifafa cha vidole."

Niliandika hivi. Binti anajua Mpangaji analala chini. Anamwonea huruma. Anamlilia baba yake mpaka anapewa kitanda cha zamani cha chuma kilichokuwa stoo, anakipiga msasa, anakipaka rangi ya bluu, anakisukuma mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Mpangaji anashukuru. Anashukuru vizuri kabisa. Kesho yake binti anapita dirishani kuona. Kitandani kuna birika na ndoo, vimepangwa kwa heshima kama wageni. Godoro liko chini, palepale. Na nyuma ya mlango, kwenye msumari, inaning'inia kamba, ile ile iliyolifunga godoro siku ya kwanza, imeviringwa vizuri, fundo lake limebaki nusu, tayari.

Binti anaitazama ile kamba. Anaelewa kila kitu. Anasubiri Mpangaji aende kuchota maji, anaingia, anaiondoa kamba msumarini, anaificha ndani ya sufuria kubwa la uani lisilotumika. Halafu anakaa kuosha vyombo, na ndani ya chumba anasikia mtu anatafuta. Anatafuta taratibu. Anatafuta bila kuuliza.

Nikaachia hapo. Sikusoma mara ya pili. Nikarusha kwenye kundi, juu kabisa ya soksi na saa yake.

Kundi likanyamaza. Mnajua kundi la watu wengi namna ile likinyamaza linavyotisha, unaona tu wamesoma, wamesoma, wamesoma. Halafu yule wa maharage akaandika: "Ngoja kwanza. Kumbe siku zote analala chini?"

Mwingine akajibu: "Nimerudi kusoma toka mwanzo. Kweli. Hana kitanda."

"Wa Kocha ana kitanda."

"Wa Kocha si huyu. Wa Kocha ni mtu mwingine kapotea njia."

"Kaingia nyumba isiyo yake, na saa yake."

Wakamcheka pale, nami nikacheka nao pangoni, peke yangu, uso kwenye nailoni. Kambi ya harusi na kambi ya mama mzazi wakaanza kugombania kamba: arudishiwe au asirudishiwe. Watu waligombana juu ya kamba ile mpaka mke na mume walioko kundini wote wawili wakaambiwa wakamalizie nyumbani. Na lile swali likarudi, lazima lirudi, "lakini mwandishi, ni mwanaume au mwanamke?" Safari hii sikuganda. Nikamjibu, "Anatafuta kamba yake, mwache kwanza." Mama Admini akafunga mjadala: "KIDOLE AMEZAA SALAMA. HADITHI IBAKI KWA MWENYEWE. KOCHA AHSANTE, PUMZIKA."

Mngedhani mtu atapumzika. Debe tupu lipumzike lina nini ndani?

Ukaja ujumbe wa sauti. Mrefu. Kocha anacheka kwa sauti ya baba mlezi. Anasema, ndugu wasomaji, sasa naomba niwafichulie siri ya kitaalamu. Ile sehemu yangu niliiandika vibaya makusudi. Ndiyo mbinu yangu ya mwisho, naiita mbinu ya mchokoo. Mwanafunzi akikwama kabisa, mwalimu unajishusha, unaandika ovyo, ili yeye apandwe na hasira afunguke. Na kama mlivyoona, amefunguka. Darasa jipya linaanza Jumatatu.

Nikausikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sehemu ya maneno yake ni kweli. Hasira ndiyo iliyonifungua. Isipokuwa yeye aliileta kama mbu anavyomwamsha mtu. Hatumshukuru mbu.

"Mjibu," Shangazi akasema. Alikuwa anatandika shuka jeupe, limefuliwa, alama hazikutoka zote.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie mwongo."

"Atasema na hiyo ni mbinu."

Nikafungua picha kwenye simu. Zile nyayo mbili, chingamu, kipande cha karatasi. Nikazitazama kidogo, nikarudi kwenye hadithi, na kile kistari kilipoanza kupepesa, safari hii hakikuwa na dharau, kilikuwa kinasubiri tu.

Sehemu iliyofuata niliiandika ndani ya mchana mmoja, nikitoka pangoni kuuza na kurudi kuandika. Ndani yake, Mpangaji akiwa ametoka kutafuta kamba sokoni, mwenye nyumba anamleta mtu kukagua chumba, maana anahisi kitaachwa wazi karibuni. Mtu amevaa suti ya rangi ya chai ya maziwa. Anaingia bila hodi, analala kwenye godoro la Mpangaji na viatu vyake, kiatu cha kushoto kina chingamu, anaitazama dari na kusema chumba kinahitaji mpangilio. Binti anamwambia, "Kaka, viatu." Anajibu, "Usijali, havina tope." Anapoinuka, anamwambia binti amwambie mwenye godoro asisahau kumshukuru, maana amemsaidia kulilainisha.

Nikarusha. Nikatulia kusubiri matusi yake. Nilikuwa nimeshayaandalia majibu, tena mazuri, mengine yana vina.

Kundi likacheka mpaka simu ikapata joto. Wote walimjua. Mama Admini mwenyewe aliandika "HAHAHA," nikaipiga picha iwe kumbukumbu.

Kocha akajibu karibu na jioni, tunafunga duka. Maandishi, si sauti. Nikamsomea Shangazi akiwa anateremsha shata.

"Kazi nzuri sana, mwanafunzi wangu. Huyo mwenye suti nimemfurahia. Watu wa namna hiyo wapo wengi, nami nawafahamu. Ongeza maelezo ya uso wake."

Shangazi akasimama na shata nusu.

"Hajajijua?"

"Hajajijua."

Akafikiri. Nadhani ni mara ya kwanza namwona anafikiria hadithi, ingawa ukimwambia atakataa. Akashusha shata mpaka chini, akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha.

"Basi muongeze uso," akasema. "Ameomba mwenyewe. Na kile kidevu usikisahau."

Nilikuwa nimeshaanza. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani nikiandika, nikagonga nguzo moja ya umeme, na sikuiomba radhi.